Boma Likigeuka Hoteli, Nani Mwenyeji?

Katika mji wa Mikindani, kilometa chache kutoka Mtwara, lipo jengo jeupe la ghorofa lililosimama kwenye mteremko wa kilima, likiitazama ghuba na mapaa ya mji. Wajerumani walilijenga mwaka 1895, miaka mitano baada ya majeshi ya Wissmann kuitwaa pwani ya kusini. Kuta zake ni nene, na mnara wake uliwekwa ili askari aone mbali. Kwa miaka mingi mwananchi aliyepanda kilima kile alikwenda kulipa kodi, kujibu mashtaka au kupokea adhabu. Siku hizi anayepanda ni mgeni mwenye sanduku lake, naye hukaribishwa, huonyeshwa chumba, na jioni huketi akapunga upepo wa bahari. Boma limekuwa hoteli.

Safari ya kwenda Mikindani ni ndefu kwa mtu wa Dodoma, na pengine mtumishi wa Serikali aliyeko Manyoni au mwalimu wa Kongwa atauliza ngome ya pwani inamhusu nini. Inamhusu sana. Nyanda za kati nazo zina mabaki ya dola ile ile, na mengi yako mikononi mwa watu wale wale wanaolisoma gazeti hili. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma kwa vitendo, na tangu Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, matofali na saruji vimekuwa habari ya kila siku katika sehemu hizi. Penye ujenzi mpya, jengo la zamani huulizwa lina faida gani. Mikindani imelijibu swali hilo kwa namna yake. Hatulipokei jibu lake lote, lakini ni jibu lililotoka kwenye kazi, halikutoka kwenye semina, na kwa hiyo linastahili kuchunguzwa.

Neno lenyewe lina mafunzo. Boma kwa asili ni uzio wa miti au miiba wa kuzuia wanyama na maadui. Mjerumani alipojenga kituo chake cha kijeshi watu wakakiita boma, na hata alipoondoka jina likabaki: hadi leo katika wilaya nyingi mtu anayekwenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya husema anakwenda bomani. Pwani ina neno jingine, gereza, lililotokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Likawa jina la ngome, na kwa kuwa ngome zilifungia watu, likaishia kuwa jina la jela. Ndiyo maana mgeni wa Kilwa Kisiwani huonyeshwa Gereza ambalo hasa ni ngome. Kanisa, ngome, jela: historia nzima ya kutawaliwa imekaa ndani ya neno moja.

Kwa hiyo tusijidanganye kuhusu majengo haya. Mwaka ule ule lilipojengwa Boma la Mikindani, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa kwa kuwapinga Wajerumani. Upande wa bara ya Mikindani, katika nyanda za Makonde, Machemba aliendelea kukataa kutii mpaka mwaka 1899, alipovuka Ruvuma na kuingia upande wa Wareno. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake barabarani au shambani kwa mgeni. Adhabu ya viboko ishirini na vitano, ile iliyoitwa hamsa ishirini, ilidumu vinywani mwa wazee muda mrefu baada ya Wajerumani wenyewe kuondoka. Mambo hayo yaliamuliwa katika maboma, kwa kalamu na kwa muhuri, na karani wa Kiswahili alikuwapo akiandika. Jengo zuri haliwi jema kwa sababu ya uzuri wake.

Wapo wanaohitimisha kutokana na hayo kwamba majengo ya namna hii ni aibu na hayana haki ya kusimama. Tunaiheshimu hasira yao, ila hatukubaliani nao. Ikulu ya Dar es Salaam imesimama mahali pa jumba la gavana wa Kijerumani, jumba lililoharibiwa katika Vita Kuu ya Kwanza na kujengwa upya na Waingereza mwaka 1922. Uhuru ulipopatikana hatukulibomoa. Mwalimu Nyerere aliingia na kufanya kazi humo, na kwa tendo hilo nyumba ya mtawala wa kigeni ikawa nyumba ya wananchi. Maboma ya wilaya nayo yalifuata njia hiyo hiyo: wakuu wa wilaya na makarani wa taifa huru waliketi katika vyumba vile vile, wakawahudumia watoto wa wale waliocharazwa viboko uani. Mageuzi ya kwanza ya maboma yetu yalifanyika mwaka 1961, bila ya kupaka hata ndoo moja ya chokaa.

Turudi Mikindani, maana kisa chake kina upande unaotugusa sisi wa nyanda za kati moja kwa moja. Mji ule ulikuwa bandari ya Waswahili tangu zamani, wenye nyumba za mawe na milango ya kuchonga, ukifanya biashara ya pembe na mpira na, tusifiche, ya watumwa pia. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka pale kuanza safari yake ya mwisho. Waliomchukua maiti hadi pwani miaka minane baadaye, akina Abdullah Susi na James Chuma, walipita Kwihara karibu na Tabora na kutokea Bagamoyo. Mzungu mmoja amefunga pwani ya kusini na njia ya kati kwa kifo chake, lakini mzigo ulikuwa mabegani mwa Waafrika.

Kilichoishusha Mikindani hadhi kilianzia hapa hapa kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na mahali pa kwanza walipopeleka matrekta yao ni Kongwa. Ardhi ya Kongwa mvua inapokosekana hukauka ikawa kama saruji. Majembe ya chuma yalivunjika, vipuri vikakosekana, na karanga zilizovunwa hazikulingana na fedha zilizomwagwa. Mzee yeyote wa Kigogo angewaeleza habari ya mvua bila kudai posho, lakini hakuulizwa. Sehemu nyingine ya mpango huo ilikuwa Nachingwea, nayo ilihitaji reli na bandari yenye kina kirefu, ndipo Mtwara ilipojengwa na shughuli za utawala zikahamia huko. Mpango wenyewe ulikufa mwaka 1951, ukiwa umeila hazina ya Uingereza kiasi cha paundi milioni 36. Reli ya kusini iling'olewa katika miaka ya 1960. Mikindani ikabaki na majumba yake, na Boma likaanza kubomoka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo shirika moja la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolitengeneza Boma na kuligeuza hoteli. Shabaha yake haikuwa hoteli peke yake. Vijana wa Mikindani walifundishwa kazi za upishi, mapokezi na utunzaji wa vyumba, na jengo lenyewe likawa darasa. Jambo hilo tunalisifu bila kusitasita. Anayedhani kwamba mtu huzaliwa akijua kumpokea mgeni hajapata kukaa nusu saa katika baadhi ya mikahawa ya miji yetu akisubiri kuulizwa anataka nini. Na ukarabati wa ukuta wa mawe na chokaa nao ni ujuzi. Fundi aliyezoea saruji tupu ataziba ufa leo, na mwakani unyevu uliokosa pa kutokea utaubandua ukuta wote, kwa kuwa chokaa hupumua na saruji haipumui. Mafundi wa aina hiyo wamekuwa haba nchini, na kila jengo la kale linalotengenezwa vizuri huacha nyuma yake mikono michache inayojua kazi.

Lakini hapa ndipo swali linapoanza. Kwa nini ilibidi shirika la hisani litoke Uingereza? Mawe ni yetu, chokaa ni yetu, vijana ni wetu, na historia ni yetu hata pale inapouma. Hatuwalaumu waliokuja, waliona tulichokuwa tunapita mbele yake kila siku. Tunachosema ni kwamba anayeanzisha kazi ndiye anayeamua sura yake, na anayeamua sura ya hoteli ndiye anayeamua mgeni ataambiwa nini.

Mjadala huu si mpya katika nchi yetu. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuliza magazetini kama utalii unafaa kupewa nafasi kubwa katika nchi iliyotangaza Azimio la Arusha miaka mitatu tu kabla. Wengine walijibu kwamba fedha za kigeni zinahitajika na kwamba mgeni si adui. Hoja za pande zote zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973. Nusu karne imepita. Utalii umekuwa miongoni mwa nguzo za uchumi wetu, na hakuna mtu makini anayependekeza kuufunga. Hata hivyo swali la vijana wale halijazeeka: Mtanzania katika biashara hii ni mwenyeji, au ni mtumishi nyumbani kwake? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yafaa tuhakikishe kwamba anayepona ni mwenyeji.

Hatari ya hoteli za kihistoria, popote zilipo duniani, ni kuuza zamani iliyooshwa. Mgeni hupewa taa za kandili, vitanda vya samadari na hadithi za wapelelezi mashujaa. Chumba kilichokuwa mahabusu huwa ghala la mvinyo, na jina lake hubadilishwa likawa tamu. Mwanafunzi wa mji ule ule hawezi kuingia, kwa kuwa mlinzi getini haoni kama yeye ni mteja. Kule Unguja tumeona namna jambo hili linavyoweza kuzusha mvutano: jumba la Mambo Msiige, Shangani, lilipounganishwa na hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015, UNESCO ilihoji ukubwa wa jengo jipya lililosimama ubavuni mwake, maana Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Jumba likaokoka, lakini sura ya ufuo haikubaki ilivyokuwa.

Wala hoteli si njia pekee. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilikuwa jela ya Waingereza kwa zaidi ya miaka sitini, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na watoto wa shule huingia humo kwa makundi. Boma la Arusha ni makumbusho ya viumbe na mazingira. Boma la Iringa, jirani zetu wa kusini, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Njia hizo zinawafaa zaidi wananchi wa kawaida, ila zina ugonjwa mmoja: makumbusho yasiyo na mapato husubiri bajeti, na bajeti ikichelewa paa huvuja. Hoteli angalau hulazimika kuziba paa, kwa kuwa mgeni hatalala palipolowa.

Sasa tuitazame nyumba yetu wenyewe. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo. Misafara ilipumzika Mpwapwa ikijaza maji, kisha ikaingia nchi kavu ambamo watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kupita na kunywa. Neno hilo leo lina maana nyingine, ambayo wasomaji wetu wa maofisini hawahitaji kufafanuliwa; wakati ule lilikuwa ushuru halali wa nchi, na wapelelezi wa Kizungu waliujaza katika vitabu vyao kwa manung'uniko. Tunalitaja hili kwa sababu watemi wale walijua jambo ambalo sisi tumelisahau: anayepita katika nchi yako na kunywa maji yako hana budi kukuachia kitu. Siku hizi mgeni huteremka Dodoma, hulala usiku mmoja, na asubuhi hukimbilia mbugani bila kuambiwa kwamba alikanyaga njia ya misafara.

Mpwapwa yenyewe ina kisa kinachostahili kufundishwa katika kila shule ya mkoa huu. Mwaka 1889 Abushiri bin Salim, aliposukumwa kutoka pwani na majeshi ya Wissmann, aliingia bara hadi Mpwapwa na kukiangamiza kituo cha kampuni ya Kijerumani kilichokuwa pale. Miezi michache baadaye Wissmann alifika na kuweka ngome yake, na mwezi Desemba Abushiri akanyongwa Pangani. Vita ambavyo vitabu huviita vya pwani vilipiganwa pia Mpwapwa. Magharibi yake, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, Kilimatinde ilikuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani na makao ya utawala wa sehemu hizi kabla ya reli kufika Dodoma mwaka 1910 na kuifanya Dodoma kuwa mji. Mpwapwa na Kilimatinde zote zimo katika pendekezo ambalo Tanzania iliwasilisha UNESCO mwaka 2006 kuhusu njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Kwihara na Ujiji. Zimekaa katika orodha hiyo ya kungojea tangu wakati huo. Ni walimu wangapi wa wilaya hizo wanaoijua habari hii? Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia mwaka huo huo wa 2006, na angalau jina la Kolo linasikika darasani.

Halafu ipo Kongwa. Pale palipofia karanga za wakoloni, mwaka 1964 palifunguliwa kambi ya wapigania uhuru. FRELIMO walikuwapo, na Samora Machel akawa miongoni mwa viongozi wa mafunzo. Walikuja pia wapiganaji wa ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU. Tunatamka bila majivuno kwamba ni sehemu chache za Afrika zinazoweza kusema kwamba ramani ya bara hili ilibadilishwa kutokea uwanjani kwao. Boma la Mikindani linakumbusha dola iliyokuja kututawala. Kongwa inakumbusha siku tulipokuwa wenyeji wa uhuru wa wengine. Kama mgeni wa Msumbiji, Namibia au Afrika Kusini atakuja kutafuta alama za babu yake, atalala wapi, na nani atamwongoza?

Hatupendekezi kwamba kila gofu ligeuzwe hoteli. Kongwa haifai kuwa mahali pa starehe, na mabweni ya wapiganaji yasije yakapakwa rangi na kupangishwa kwa usiku. Nyumba ya wageni ijengwe pembeni, mjini, mali ya halmashauri au ya ushirika wa wananchi, na kambi yenyewe ibaki kumbukumbu. Lakini jengo la utawala lililokosa kazi, imara na lenye vyumba vingi, laweza kupokea wageni kama Mikindani, mradi masharti yaandikwe kabla ya kazi kuanza, wala yasiombwe kwa upole baadaye. Jengo libaki mali ya umma, na mpangaji awe mpangaji. Mkataba utaje idadi ya vijana wa wilaya watakaofundishwa kazi, na utaje usimamizi pia, si kufagia tu. Chumba kimoja, kisiwe cha uani, kiwe cha historia, maelezo yake yawe kwa Kiswahili kwanza, na wanafunzi waingie bure. Maelezo hayo yaandikwe na watu wa mahali hapo, yakitaja kodi, viboko na majina ya waliopinga.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo katika Gazeti la Serikali ili lilindwe. Sheria lakini haitembei yenyewe hadi wilayani. Ofisi inapohamia jengo jipya, jengo la zamani huwa yatima kwa siku chache tu. Kwanza hutoweka bawaba, kisha milango, kisha mabati, na ripoti ya mwaka unaofuata husema jengo ni bovu na halifai kutengenezwa. Afisa anayekabidhi funguo ndiye mlinzi wa mwisho. Tunamwomba, kabla ya kukabidhi, aandike jengo lilijengwa lini na lilitumikaje, apige picha kila chumba, na nakala moja aipeleke Idara ya Mambo ya Kale. Kazi hiyo ni ya siku moja na haihitaji kasma.

Kwa walimu tuna ombi jepesi zaidi, na la haraka zaidi. Waliokuwa watoto Kongwa mwaka 1964, wakiwaona wapiganaji wakipita njiani na kuwauzia maziwa na mayai, sasa wamekaribia au wamepita miaka sabini. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kuwatembelea kwa zamu, daftari na kalamu mkononi, na muhula ujao si mbali.